Bustani ya uani yaweza kulinda mtaji wako

Mfanyabiashara mdogo akiulizwa mtaji wake unavujia wapi, hutaja kodi ya pango, ushuru na wateja wa mkopo. Ni nadra kuitaja hela ya mboga. Hata hivyo hela hiyo hutoka kwenye droo ya duka kila jioni, bila risiti wala kuandikwa daftarini. Anayetoa shilingi 1,000 kwa siku, mwaka ukiisha ametoa shilingi 365,000. Kwa wengi wenye genge au kioski, kiasi hicho ni mzigo mzima wa bidhaa.

Wiki hii ukurasa huu unaziacha kando bei za jumla na kutazama njia moja ya kuziba tundu hilo, yaani bustani ndogo ya nyumbani kwa mtu ambaye hajawahi kulima. Mfano wetu ni Dar es Salaam, mji wenye joto, mchanga mwingi na maji ya kununua.

Lima kisichosafiri

Kosa la kwanza la anayeanza ni kupanda nyanya kwa sababu ndizo anazoziona ghali. Tutazame kwanza mboga zinavyofika mjini. Kabichi na karoti huteremka kutoka Mgeta na Lushoto, na nyanya na vitunguu hutoka sehemu kama Ilula, mkoani Iringa. Huko juu hali ya hewa ni ya baridi, eneo lipo, na gharama ya lori hugawanywa kwa matenga mengi. Mkazi wa pwani kushindana na mkulima huyo ni kujitafutia hasara. Usiku wenye joto la zaidi ya nyuzi 24 maua mengi ya nyanya hupukutika bila kushika matunda, na mnyauko hupenda udongo wa joto. Zaidi ya hayo, tangu mwaka 2014 nchi imevamiwa na mdudu anayeitwa kantangaze, anayetoboa majani na matunda ya nyanya na kuwapa taabu hata wakulima wazoefu.

Mchicha na matembele ni habari nyingine. Hunyauka siku ileile ya kuvunwa, hivyo hayawezi kusafiri mbali. Ndiyo maana kwa miaka mingi mboga hizo zimelimwa ndani ya jiji lenyewe, mabondeni na kwenye viwanja vya wazi. Anayenunua fungu jioni humlipa mkulima, mchukuzi, muuzaji wa sokoni na mwenye genge, na ndani ya bei hiyo hulipia pia mafungu yaliyonyauka yakatupwa. Mwenye tuta nyuma ya jiko huzikwepa gharama zote hizo. Basi kanuni ni hii: lima kisichosafiri, nunua kinachosafiri.

Maji ndiyo gharama kubwa

Mbegu ya mchicha ni rahisi. Samadi mara nyingi hupatikana kwa wafugaji wa jirani kwa gharama ya kuibeba tu. Gharama inayoamua faida au hasara ni maji.

Tuchukue tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 5. Wakati wa kiangazi kila mita ya mraba huhitaji kama lita 5 kwa siku, kwa hiyo tuta zima ni lita 25. Mchicha huvunwa baada ya wiki 3 hadi 4. Kwa siku 28 utakuwa umemwaga lita 700, sawa na ndoo 35 za lita 20.

Upande wa mapato, tuta lililotunzwa hutoa kama kilo 1 hadi 2 kwa mita moja ya mraba, yaani kilo 5 hadi 10. Kama fungu la mtaani kwako lina uzito wa robo kilo, hayo ni mafungu 20 hadi 40. Ikiwa ndoo moja ya maji ya mkokoteni inauzwa sawa na fungu moja la mchicha, ndoo 35 zimekula mavuno yote au karibu yote. Hapo ni afadhali uendelee kununua gengeni.

Mwenye bomba hesabu yake ni tofauti kabisa. Uniti moja kwenye mita ya maji ni lita 1,000. Tuta lake halimalizi hata uniti moja kwa mwezi.

Asiye na bomba asikate tamaa, bali apunguze eneo. Maji yaliyooshea mchele, mboga na matunda yanafaa kumwagilia. Nyumba inayopata ndoo moja ya maji hayo kwa siku ina maji ya mita 4 za mraba bila kulipa senti ya ziada. Aidha, tandaza nyasi kavu juu ya tuta ili mchanga usikauke upesi, na mwagilia asubuhi na mapema au jioni.

Namna ya kuanza

Chimba tuta kina cha sentimita 20 hadi 30, kisha changanya madebe 2 au 3 ya samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi ya kuku huunguza miche, hivyo iache ikae wiki kadhaa hadi ipoe. Mbegu za mchicha ni ndogo mno, kwa hiyo zichanganye na mchanga mkavu kabla ya kuzisia kwenye mistari. Funika kwa udongo kidogo sana na nyasi nyepesi, na ondoa nyasi hizo mara miche inapochomoza. Miche ikibanana, ing'oe iliyozidi na uipike.

Usisie tuta lote siku moja. Ligawe vipande vinne, usie kimoja kila wiki. Mvuno wa mara moja utakulazimu kugawa bure, halafu wiki tatu zinazofuata urudi gengeni na pesa mkononi.

Matembele hayahitaji hata mbegu. Omba kwa jirani vipande vya shina vya sentimita 20 hadi 30 na uvichomeke ardhini. Ukichuma ncha tu, vitaendelea kuchipua kwa miezi. Baada ya hapo ongeza bamia, ambayo huanza kuzaa kati ya siku 50 na 60, kisha nyanya chungu na pilipili.

Kwa upande wa matunda, anayeanza aanze na papai, kwani mbegu zake zimo ndani ya tunda ulilokula. Panda miche 3 katika shimo moja. Ikitoa maua, ng'oa ya kiume na uache mmoja unaozaa. Matunda ya kwanza huja baada ya miezi 9 hadi 12, kwa hiyo usiyaingize kwenye hesabu ya mwaka huu.

Mpangaji asiye na uwanja atumie viroba, ndoo zilizopasuka au madumu yaliyokatwa, yenye matundu chini ya kutolea maji. Jaza sehemu 2 za udongo kwa sehemu 1 ya samadi. Chombo kilichowahi kuwekwa dawa ya wadudu kisitumike kamwe. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, viroba vilivyokaa chini ya upenu huwa na nafuu, kwani mvua kubwa husomba mbegu kwenye matuta.

Wapo wanaotaka maji ya bure kutoka kwenye mitaro. Hiyo ni akiba ya hatari. Maji ya mitaro ya viwandani na udongo wa karibu na gereji huweza kuwa na madini mazito kama risasi, ambayo huingia ndani ya jani na hayatoki kwa kuosha wala kuchemsha.

Punguza kununua mbegu vilevile. Acha miche 2 au 3 ya mchicha ikomae. Mche mmoja hutoa maelfu ya mbegu. Ila mbegu ulizozipata kwenye mazao ya chotara usizipande ukitarajia mavuno yaleyale.

Faida iandikwe

Fungu ulilochuma uani si faida bado. Kama shilingi 1,000 ya jioni haikwenda gengeni lakini ikaishia kwenye soda na vocha, duka halikupata kitu na wewe umefanya kazi ya bure.

Kwa hiyo weka daftari dogo jikoni. Kila unapochuma, andika idadi ya mafungu na bei ya gengeni siku hiyo. Upande wa pili andika mbegu, samadi na kila ndoo ya maji uliyonunua. Jumapili jumlisha, toa matumizi, na kilichobaki kirudishe kwenye droo au kiweke kibubu siku hiyohiyo. Fanya hivyo kwa miezi mitatu. Daftari likionyesha faida, ongeza tuta la pili. Likionyesha hasara, tazama kwanza safu ya maji. Ukishindwa kuipunguza, baki na kiroba cha matembele mlangoni na uiache mboga nyingine kwa wenye maji.