Kabla ya kufunga fimbo za kuzuia mikono ya trakta kuyumba

Makanisa yetu yenye mashamba mara nyingi hupata trakta iliyokwisha kutumika miaka mingi, kama vile Massey Ferguson 135, ambayo ilianza kutengenezwa mwaka 1964. Injini bado ina nguvu, lakini mikono miwili ya chini inayobeba vyombo huyumba kulia na kushoto. Wakati wa palizi hiyo ni hasara: chombo kikihama kidogo tu, kinang'oa mahindi na kuacha magugu.

Dawa yake ni fimbo mbili za chuma, moja kila upande, kutoka kwenye ekseli ya nyuma mpaka ncha ya mkono. Hata zile ambazo hazikutoka kwa kiwanda cha trakta zinaweza kufaa. Sisi tulinunua za namna hiyo, tukafunga vishikio mahali palipokuwa rahisi kufikia. Tulipoinua chombo mara ya kwanza, fimbo moja ilipinda. Tulilaumu chuma, kumbe kosa lilikuwa letu.

Tazameni mlango. Bawaba zake zisipokuwa kwenye mstari mmoja, mlango unakataa kufunguka. Ndivyo ilivyo hapa. Pini ya mbele ya fimbo lazima ikae kwenye mstari mmoja na pini ya mbele ya mkono. La sivyo, mkono unapopanda, fimbo inatakiwa kuwa ndefu au fupi zaidi, nayo haiwezi. Lazima kitu kipinde au kivunjike.

Kwa hiyo, pimeni kwanza, ndipo mfunge. Tumieni kishikio cha bolti. Msichomelee kwenye ganda la ekseli, maana ni chuma cha kusubu na linaweza kupasuka. Kisha inueni mikono polepole bila chombo, mkikagua ikiwa chini, katikati na juu kabisa.

Wakati wa kulima kwa plau, legezeni au ondoeni fimbo. Plau huhitaji nafasi ndogo ya kufuata mtaro wake yenyewe.

La mwisho: mtu asisimame kati ya trakta na chombo wakati wa kuinua, wala asiingie chini ya chombo kilichoinuliwa kabla hakijawekewa magogo imara. Fimbo iliyopinda tulinunua nyingine. Mguu wa kijana haununuliwi.