Kisiwa Cheupe na Siri ya Miaka 33

Msomaji akichukua ramani ya dunia na kupandisha kidole kutoka Ulaya kuelekea Ncha ya Kaskazini, atakuta kundi la visiwa viitwavyo Svalbard. Visiwa hivi vi chini ya Norwei kwa mapatano yaliyotiwa sahihi mwaka 1920 na kuanza kutumika mwaka 1925. Cha mwisho upande wa mashariki ni Kvitøya, maana yake Kisiwa Cheupe.

Kisiwa hiki kina ukubwa wa kilomita za mraba 682, na karibu chote kimefunikwa na barafu. Hapana mti, hapana shamba, wala hapana mtu akaaye huko. Theluji ianguayo haipati joto la kutosha kuyeyuka yote. Ya juu huikandamiza ya chini mwaka baada ya mwaka, hata ikageuka barafu ngumu, nayo hutambaa polepole kwa uzito wake mpaka pwani, ikakatika vipande na kuanguka baharini. Ardhi tupu huonekana mahali pachache tu pwani, nayo ni mawe na kokoto. Wakati wa kiangazi jua halichwi kwa kiasi cha miezi minne, hakuna magharibi wala alfajiri. Wakati wa baridi jua halichomozi kwa muda kama huo.

Mwaka 1707 nahodha wa Kiholanzi, Cornelis Giles, aliona nchi upande huo. Jina la sasa lilitolewa na Johan Kjeldsen, nahodha wa Norwei, mwaka 1876. Lakini kilichokifanya kisiwa hiki kijulikane ulimwenguni ni safari ya watu watatu wa Uswidi.

Bwana Salomon August Andrée, aliyekuwa injinia, aliazimia kufika Ncha ya Kaskazini kwa puto kubwa la hariri lililojazwa gesi. Mfalme Oscar II na tajiri Alfred Nobel walimsaidia kwa fedha. Mwaka 1896 alikwenda Svalbard akangoja upepo wa kusini, usivume. Katika kungoja huko mwenzake, Bwana Nils Ekholm, mtaalamu wa hali ya hewa, alipima akaona gesi yavuja kupita kiasi, na puto haliwezi kukaa hewani siku zinazohitajiwa. Baadaye akagundua jambo zito zaidi: Andrée alikuwa ameamuru kwa siri gesi iongezwe, ili upungufu usionekane. Ekholm akajitoa. Nafasi yake ikachukuliwa na kijana Knut Frænkel, na wa tatu alikuwa Nils Strindberg, mpiga picha, aliyekwisha chumbia.

Tarehe 11 Julai 1897 puto likaruka. Papo hapo kamba zilizokusudiwa kuliongoza zikakatika sehemu kubwa, puto likagusa maji, nao wakamwaga mchanga kulipunguzia uzito. Likapanda juu mno, gesi ikazidi kupotea. Baada ya saa 10 na nusu likaanza kugongagonga barafu, na ukungu ulioganda juu yake ukalizidishia uzito. Tarehe 14 Julai safari ya hewani ikakoma, Ncha ikiwa mbali bado.

Wakashika njia kwa miguu, wakiburura mizigo mizito. Lakini barafu ile haikuwa nchi kavu, bali ilikuwa ikielea juu ya bahari. Walipokwenda mashariki, yenyewe iliwachukua magharibi. Walipogeuza njia, ikawapeleka kwingine tena. Walikula nyama ya dubu, wakaandika na kupima kila siku. Mwezi wa Septemba walijenga kibanda juu ya barafu, na tarehe 2 Oktoba barafu ikapasuka chini yao. Tarehe 5 Oktoba walishuka Kisiwa Cheupe, na baada ya siku chache maandishi yao yakakatika.

Kwa miaka 33 hakuna aliyejua mwisho wao. Tarehe 6 Agosti 1930, mwaka ambao bahari ilifunguka, mabaharia wa merikebu ya Norwei, Bratvaag, walikuta kambi yao. Strindberg alikwisha kuzikwa na wenzake kati ya mawe. Daftari zilisomeka, na picha 93 zikasalimika kutoka filamu zilizolala barafuni. Wataalamu hawajaafikiana kilichowaua: wengine husema baridi na uchovu, wengine husema vijidudu vya nyama ya dubu isiyoiva. Maiti zao zilirudishwa Stockholm tarehe 5 Oktoba 1930, siku ile ile waliyoshuka kisiwani.

Hatusemi haya ili tuwakejeli waliokufa. Ujasiri wao ulikuwa wa kweli, na kuandika mpaka mwisho, mikono ikiganda kwa baridi, ni uaminifu wa kupigiwa mfano. Lakini vijana wetu waangalie pale mambo yalipoharibika. Hayakuharibika juu ya barafu. Yaliharibika mwaka mmoja nyuma, pale kiongozi alipoona kasoro akaificha, kwa kuwa watu wengi walikuwa wakimtazama. Mwenye kukwambia kasoro ya chombo chako kabla hujang'oa nanga ni rafiki yako, japo maneno yake ni machungu. Na mkubwa wa safari, au wa nyumba, hana haki ya kuwaficha walio chini yake hatari ambayo nao wataishiriki.