Unataka Nduthi Yako Ingurume? Soma Hii Kabla Ubadilishe Bomba la Kati

Wasee wengi wakinunua nduthi kubwa, kitu ya kwanza kuguswa ni egzosi. Hapa tunaongea kuhusu bomba la kati, ile paipu inaunganisha heda na mafla. Kwa nduthi nyingi za siku hizi, hapo ndipo katalaiza ya kusafisha moshi hukaa. Ukiitoa, sauti inakuwa nzito na uzito unapungua, lakini moshi unatoka na sumu yote.

Bado unataka? Sawa, fanya hivi:

1. Acha injini ipoe kabisa. Nati zikishikwa na kutu, zipake mafuta ya kulegeza, ungoje. Boliti ikikatikia ndani, utalia.

2. Kama sensa ya oksijeni iko kwa paipu ya zamani, hakikisha ile mpya iko na shimo lake. Bila hiyo, kompyuta ya nduthi itapima mafuta kwa kubahatisha.

3. Weka gasketi mpya. Panga kila kitu ikiwa legevu, halafu kaza ukianzia upande wa injini.

4. Futa alama za vidole, juu zikiungua hazitoki.

Washa ukiwa nje, si ndani ya keja. Kaboni monoksaidi haina harufu na inaua. Ukiskia "tss tss" kwa maungio, zima ukaze tena.

Na mafla usitoe, buda. Sheria ya trafiki Kenya inaitaka. Paipu ya zamani nayo weka stoo, kuna siku utaihitaji.