Meli ya faiba nyumbani: Linda macho na mapafu

Leo tuzungumzie kazi ya mikono inayowavutia vijana wenye vipaji: kuunda mfano wa meli kwa faiba. Ukiichukua MV Mwanza, iliyoshushwa majini Februari 2023 ikiwa na urefu wa mita 92.6 na upana wa mita 17, ukaipunguza mara 100, utapata chombo cha sentimita 93 kwa 17 hivi. Kinaenea juu ya meza ya sebuleni. Ni kazi nzuri, wala simkatazi mtu. Ninachokataa ni kuifanyia chumbani.

Umbo la meli huchongwa kwanza kwa mbao laini, likapigwa msasa, kisha likatolewa kalibu. Kalibu hupakwa nta, ndani yake hutandazwa nyuzi za kioo na kulowanishwa kwa resini, ile gundi nzito inayochanganywa na dawa ya kugandisha. Mashua ndogo za kuokolea na bomba la moshi, kwa maoni yangu, chonga kwa mbao tu. Faiba ya nini kwa kitu cha ukubwa wa kidole?

Sasa tujiulize, ile harufu kali ni ya nini? Ni mvuke wa stirini iliyomo ndani ya resini. Huwasha macho na koo, huleta kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu. Mwaka 2018 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka stirini katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani. Wanaotajwa zaidi hapo ni wafanyakazi wanaoivuta kwa miaka mingi, lakini mapafu ya mtoto hayahitaji kungoja miaka ili yaumie. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini sakafuni. Na nani hulala chini kwenye mkeka? Ni watoto.

Huku kwetu milimani kuna jambo jingine. Resini hutaka joto. Ikishuka chini ya nyuzi 15 hivi huchelewa kukauka. Basi mtu hufunga madirisha, huongeza dawa ya kugandisha, au husogeza jiko la mkaa. Hilo la jiko ni la hatari kabisa, kwa kuwa mvuke ule hushika moto. Fanya kazi mchana, nje, penye upepo, jua likiwa limeshapanda. Kwa gramu 100 za resini dawa ni gramu 1 hadi 2 tu; pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Ukizidisha, kikombe huchemka chenyewe na kutoa moshi. Kama una kobalti ya kuharakisha, usiichanganye kamwe moja kwa moja na dawa hiyo. Hulipuka.

Barakoa ya kitambaa, au ile tuliyoizoea wakati wa korona, haizuii mvuke. Inayofaa ni yenye vichujio vya mkaa maalumu. Wakati wa kupiga msasa, lowanisha kwa maji ili vumbi lisiruke. Nyuzi zikikuwasha, osha ngozi kwa maji baridi na sabuni bila kusugua, na nguo hizo zifuliwe peke yake.

Vaa glavu pia. Resini ikigandia mikononi huzuia maji ya udhu kufika kwenye ngozi, na hapo mtu huanza kujisugua kwa asetoni au petroli, ambazo huondoa mafuta ya ngozi na kuipasua.

Jicho ndilo linalonitia hofu zaidi. Tone moja la dawa ya kugandisha laweza kulipofusha. Vaa miwani inayofunika pande zote, na weka ndoo ya maji safi karibu kabla hujafungua chupa. Likiingia, usikimbilie hospitali kwanza. Osha papo hapo, kope zikiwa wazi, kwa dakika 15 au zaidi, ndipo uende Rubya.

Usikubali kupimiwa dawa hiyo kwenye chupa ya soda. Haina rangi, na mtoto ataidhania maji. Akiinywa, usimtapishe. Msukutue kinywa, mkimbize hospitali, na chupa yenyewe uichukue ili tuione.