Bwawa la Nairobi: Ziwa Lililogeuka Kinamasi Kando ya Kibera

Bwawa la Nairobi, ambalo wengi hulijua kama Nairobi Dam, liko kati ya Kibera na mitaa ya Lang'ata, kilomita tano hivi kusini-magharibi mwa katikati ya jiji. Upande wa kaskazini, nyumba za mabati za Silanga na Soweto Mashariki zinateremka karibu mpaka ukingoni. Upande wa kusini kuna nyumba za mawe za watu wa kipato cha kati. Lilipotengenezwa lilienea kwenye ekari 88 hivi, na kina chake cha wastani hakikufika mita tatu. Siku hizi mtu anaweza kulipita bila kujua kwamba ni bwawa, kwa kuwa anachokiona ni uwanja mpana wa majani mabichi, mashamba madogo ya nduma, na mfereji wa maji meusi unaopenya katikati.

Maji ya bwawa hili huletwa na mto Motoine. Mto huo huanzia kwenye maeneo ya chepechepe upande wa Dagoretti, hupita katika Msitu wa Ngong, hukaribia uwanja wa mbio za farasi wa Barabara ya Ngong, kisha hufuata bonde la kusini mwa Kibera. Ukishatoka bwawani hubadilika jina na kuitwa mto Ngong. Unapita Mukuru na eneo la viwanda, unaelekea Embakasi, halafu unaungana na mto Nairobi upande wa mashariki wa jiji. Mto Nairobi nao humwaga maji katika Athi, ambao huko chini huitwa Galana na hatimaye Sabaki, na huingia Bahari ya Hindi kaskazini mwa Malindi. Kwa hiyo takataka inayotupwa kwenye mtaro wa Lindi au Laini Saba, vijiji vya Kibera, ina njia wazi ya kufika pwani, isipokuwa inaswe mahali fulani. Kwa miaka mingi mahali palipoinasa ni bwawa hili.

Bwawa lilijengwa mwaka 1953. Nairobi ilikuwa imepewa hadhi ya jiji miaka mitatu tu kabla, idadi ya watu ilikuwa ikipanda, na chemchemi za Kikuyu pamoja na bwawa la Ruiru hazikutosha tena. Wahandisi walikinga mto Motoine ili jiji liwe na akiba ya maji ya kunywa wakati wa dharura. Baadaye bwawa la Sasumua, na katika miaka ya 1990 lile la Ndakaini, yalileta maji mengi zaidi kutoka milima ya Aberdare, na akiba ile ndogo ya mjini ikasahauliwa kama chanzo cha maji. Hilo lina uzito wake katika kisa hiki, kwani jiji lisilokunywa maji ya bwawa halina haraka ya kulilinda.

Hata hivyo bwawa lilipata kazi nyingine. Nairobi haina ziwa lake la asili, na maji haya yaliyotulia yakawa mahali pa mapumziko. Mashua za matanga zilishindana hapo chini ya chama cha mchezo huo, watu walivua perege, wengine waliogelea. Ndege wa majini nao walikuja. Kwa kizazi kilichokulia Lang'ata na Kibera katika miaka ya 1960 na 1970, hili lilikuwa ziwa kamili.

Kibera yenyewe ni ya zamani kuliko bwawa. Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya kikoloni iliwaruhusu askari Wanubi wa jeshi la King's African Rifles, wenye asili ya Sudan, kukaa katika msitu uliokuwa hapo, na mwaka 1918 zaidi ya ekari 4,000 zikatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya kijeshi. Askari hao hawakupewa hati za ardhi. Baada ya uhuru eneo lilihesabiwa kuwa mali ya serikali, na watu kutoka kila upande wa nchi walipokuja kutafuta kazi mjini, walijenga na kupanga vyumba mahali ambapo kwenye karatasi za mipango hapakuwa na mtaa. Mtaa usiokuwapo kwenye karatasi hauchimbiwi mabomba ya majitaka. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu watu wapatao 170,000 Kibera, wakiwa wamebanana katika eneo dogo, wengi wao wakitegemea choo cha shimo kinachotumiwa na nyumba nyingi. Kuwalaumu wakazi kwa hali ya bwawa, kama inavyofanywa mara nyingi, ni kuacha nusu ya habari. Majitaka yamekuwa yakiingia pia kutoka mitaa yenye mabomba, pale yanapopasuka au kuziba, na udongo huletwa na ujenzi wa sehemu zote za bonde.

Kwa nini bwawa liliharibika haraka hivyo? Sehemu ya jibu ni kina chake. Katika ziwa lenye kina kirefu, uchafu unaozama hukaa chini, mbali na mwanga, na tabaka la maji ya baridi hulitenga tope na uso wa ziwa kwa miezi kadhaa. Ziwa la kina kifupi halina tabaka la namna hiyo. Upepo wa mchana hukoroga maji mpaka chini, na fosforasi iliyolala kwenye tope hurudi juu, ambako mimea huitumia upya. Maziwa ya aina hii huwa na hali mbili. Katika hali ya kwanza maji ni maangavu, mimea ya chini ya maji hushika tope lisitibuke, na samaki hupata maficho. Katika hali ya pili maji ni mazito na ya kijani, mwanga haufiki chini, mimea ile imekufa na tope linatibuka kila siku. Ziwa linaweza kuvumilia uchafu kwa miaka bila dalili kubwa, kisha likahamia hali ya pili kwa muda mfupi. Likishahamia, kupunguza uchafu kidogo hakulirudishi.

Kinyesi, sabuni na mabaki ya chakula vina nitrojeni na fosforasi nyingi, na hiyo ni mbolea. Mmea ulioitumia vizuri kuliko mingine yote ni gugu maji. Asili yake ni Amerika Kusini, na lilisambazwa duniani kwa sababu ya ua lake zuri la rangi ya zambarau. Ukilishika mkononi utaona vikonyo vilivyovimba na kujaa hewa kama sifongo, ndivyo vinavyolifanya lielee, na chini yake mizizi myeusi yenye manyoya mengi inayoning'inia ndani ya maji bila kugusa udongo. Halihitaji mbegu ili kuongezeka. Hutoa kijiti cha pembeni, na mwishoni mwa kijiti huota mmea mwingine. Penye joto na chakula cha kutosha, eneo lililofunikwa linaweza kuongezeka maradufu kwa wiki mbili hivi. Mbegu zake nazo hukaa hai kwenye tope kwa miaka mingi. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 gugu lilikuwa limefunika Bwawa la Nairobi, na mashua zikaondoka.

Chini ya zulia hilo mwanga hauingii, oksijeni hupungua, na samaki wa kawaida hufa. Anayeweza kuhimili ni kambare na wenziwe, wenye kiungo cha kuvutia hewa ya juu. Majani yanayokufa huzama na kuongeza tope, mimea mingine hushika mizizi juu yake, na ardhi huinuka kutoka ukingoni kwenda katikati. Katika Ziwa Viktoria, fukusi wa jenasi ya Neochetina, wadudu wenye asili moja na mmea huo, wakisaidiwa na mawimbi, walilipunguza gugu kwa kiasi kikubwa kuanzia mwisho wa miaka hiyo ya 1990. Bwawa dogo lisilo na mawimbi, linalopata mbolea mpya kila saa, halina msaada wa aina hiyo.

Kinamasi kilichotokea si mahali patupu. Yangeyange, kwarara na korongo hutafuta chakula humo. Wakazi hulima nduma, miwa na sukuma wiki kwenye tope lenye rutuba, na mazao hayo huuzwa mitaani. Kuna hatari ndani yake, kwa sababu maji yenye kinyesi hubeba vijidudu vya homa ya matumbo na kipindupindu, na tope la mito ya mjini huweza kuwa na madini mazito kama risasi. Hata hivyo kwa familia isiyo na shamba kwingine, kipande hicho ni chakula na karo ya shule, na mpango wowote wa kusafisha bwawa unaomfukuza mkulima huyo bila kumpa njia nyingine unaanza na dhuluma.

Bwawa lililojaa tope haliwezi pia kupokea mvua. Nairobi hupata milimita 900 hadi 1,000 za mvua kwa mwaka, nyingi zikiwa za masika kati ya Machi na Mei. Zamani bwawa lilipunguza kasi ya mafuriko. Sasa nafasi ya maji imechukuliwa na tope, na maji hurudi kwenye nyumba za bondeni au huenda kwa nguvu moja kwa moja hadi Mukuru.

Juhudi za kulifufua hazijakosekana. Mwaka 1999 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao Nairobi, lilianzisha pamoja na washirika wake mpango wa bonde la mto Nairobi. Mwaka 2008 waziri wa mazingira John Michuki alisimamia usafishaji wa mto Nairobi uliokumbukwa kwa muda mrefu. Mwaka 2022 ikaundwa tume ya mito ya Nairobi. Kounkuey Design Initiative, shirika lililoanza kazi Kibera mwaka 2006, limeshirikiana na vikundi vya wakazi kujenga nafasi za umma kando ya mto, zenye vyoo, madaraja na kingo zilizoimarishwa. Mara kadhaa gugu limeng'olewa, na mara kadhaa limerudi.

Mfano wa Uswidi unaeleza kwa nini. Ziwa Trummen, katika mji wa Växjö, lina kina cha mita mbili hivi na liliharibiwa na majitaka. Mabomba yalipohamishwa mwishoni mwa miaka ya 1950, ziwa halikupona, maana tope liliendelea kutoa fosforasi. Ni baada ya kufyonza tope lenyewe, mwaka 1970 na 1971, ndipo maji yalipobadilika. Mpangilio huo ndio unaohitajika pia Kibera: kwanza mabomba ya majitaka na vyoo katika vijiji vya juu ya bwawa na marekebisho ya mabomba ya Lang'ata, kisha kuzuia udongo na takataka mtoni kabla havijaingia, halafu kuondoa tope na gugu kwa pamoja. Kung'oa gugu peke yake huacha mbolea, mbegu na mtaro uleule unaotiririka. Kazi ya kwanza ndiyo ya gharama kubwa zaidi na isiyopigwa picha, na faida yake ya mapema zaidi ingeonekana kwenye afya ya watoto wa Kibera, miaka kadhaa kabla ya mashua yoyote kurudi majini.