Nilimpokonya dada yangu mpira. Mabinti hawa wakanifunza adabu

Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja kinyume. Mimi, msomaji mpenzi, mjukuu huyo alinijia nikiwa nimeketi katika uwanja wa Ulinzi, Lang'ata, jijini Nairobi, alasiri ya Jumapili tarehe 16 Juni, 2024.

Siku hiyo timu yetu ya taifa ya wasichana wasiozidi umri wa miaka 17, Junior Starlets, ilikuwa ikirudiana na Burundi. Mshindi angekata tikiti ya kwenda Kombe la Dunia katika Jamhuri ya Dominika mwezi wa Oktoba. Nikiri mapema kwamba sikwenda pale kwa mapenzi ya kandanda la kina dada. Nilipelekwa. Aliyenipeleka ni dada yangu mdogo, naye alikuwa na shauri lake.

Shauri lenyewe lilikuwa hili. Binti yake wa mwisho, mpwa wangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 14, alikuwa ameonwa na mwalimu mmoja akicheza. Shule fulani ya bweni yenye timu ya wasichana ikawa tayari kumpokea. Baba wa mtoto alikwisha fariki, na kwetu jambo la namna hiyo haliamuliwi kabla mjomba hajatoa neno. Dada akanipigia simu. Nami nikampa jibu ambalo wazee wengi wa rika langu wangempa: mtoto asome kwanza, mpira haumwozeshi mtu wala haumpi kazi.

Dada hakubishana nami. Majuma mawili baadaye akapiga tena. "Kaka," akasema, "Jumapili huna shughuli. Nakuja kukuchukua twende mahali."

Basi tukaenda. Tulipokwisha kuketi, ngoma za isikuti zikilia upande wa pili, akaanza kunieleza mambo kama mwalimu anayemweleza mtoto wa darasa la kwanza. Nami nayaeleza hapa kwa ajili ya wale ambao, kama mimi siku ile, hawajui mashindano haya yanavyokwenda.

Kombe la Dunia la wasichana wa umri huu lilianza mwaka 2008 huko New Zealand. Lile la 2024 lilikuwa na nafasi 16 tu kwa dunia nzima, na Afrika yetu yote ilipewa nafasi 3. Kuzipata nafasi hizo, timu hupangwa mbili mbili. Hucheza mara mbili, moja nyumbani na moja ugenini, kisha mabao hujumlishwa. Anayeshindwa hana pa kukata rufani. Anafungasha virago.

Kenya ilikuwa imetoka sare tasa na Ethiopia jijini Addis Ababa, kisha ikawatandika 3-0 katika uwanja huu huu wa Ulinzi mwezi wa Mei. Halafu ikaja zamu ya Burundi, duru ya mwisho. Mechi ya kwanza, ambayo Burundi ndiyo iliyokuwa mwenyeji, ilichezewa Addis Ababa tarehe 9 Juni, na Kenya ikashinda 3-0. Kwa hiyo siku ile tulihitaji tu kutolegea.

"Lakini si hayo niliyotaka uyajue," dada akasema. "Nilitaka ujue habari ya tarehe ya kuzaliwa."

Akanieleza kwamba ili kucheza katika mashindano yale ilimpasa msichana awe amezaliwa kuanzia tarehe 1 Januari, 2007. Aliyezaliwa siku moja kabla, hata akiwa na miguu ya dhahabu, hana nafasi. Mchezaji mkubwa wa kiume akikosa Kombe la Dunia leo, atajaribu tena baada ya miaka minne. Msichana wa miaka 16 hawezi kungoja hivyo, maana umri haumngoji. Akanikumbusha mwaka 2022, pale FIFA ilipoifungia Kenya kutoka Februari hadi Novemba kwa sababu ya ugomvi wa wakubwa juu ya uongozi wa shirikisho. Ugomvi ule ulikuja kusuluhishwa, na wakubwa wakarudi ofisini. Lakini wasichana waliokuwa na miaka 16 wakati ule walikuwa wamekwisha kuwa na 17. Nani atawarudishia mwaka wao?

Mwaka huo huo jirani zetu wa Tanzania walikuwa nchini India. Serengeti Girls, wasichana kama wetu, wenye lugha kama yetu, waliilaza Ufaransa 2-1 katika Kombe la Dunia na kufika robo fainali. Sisi tulikuwa tukisoma habari zao magazetini.

Nilinyamaza. Nilijua sasa dada ananipeleka wapi, na hapakuwa na mlango wa kutokea.

Mwaka 1984, wakati wa likizo, nilirudi kijijini kwetu Kakamega nikitoka chuo. Nilikuwa na miaka 20 na kiburi cha mwenye kusoma. Nikipita kando ya uwanja wa shule ya msingi nikaona kundi la wavulana wakisakata mpira wa matambara uliofungwa kwa kamba, na katikati yao msichana mmoja, sketi ameikunja kiunoni, akiwapiga chenga kama anayepita katikati ya migomba. Watu wazima waliokuwa wakitoka sokoni walikuwa wamesimama wakicheka. Huyo msichana alikuwa dada yangu. Alikuwa na miaka 13.

Nilimvuta kwa mkono mpaka nyumbani mbele ya watu wote. Mpira, ambao aliushona mwenyewe kwa majuma mengi, niliutia chini ya chungu cha maharagwe. Ukaungua taratibu, ukinuka nguo kuukuu. Mama alikuwa pale jikoni, wala hakusema neno. Dada hakulia. Tangu siku ile sikumwona tena uwanjani, na miaka yote hii nilihesabu kwamba nilitenda jambo jema.

Basi pale Lang'ata, mabinti wa Kenya wakiwa wamewabana wa Burundi nusu ya uwanja, nilijitetea. Nikamwambia, "Dada, hata ningekuachia ungekwenda wapi? Mwaka ule hapakuwa na Kombe la Dunia la wanawake popote." Na huo, msomaji, ni ukweli. Kombe la kwanza la wanawake la FIFA lilichezwa China mwaka 1991, wakati dada yangu alikuwa mke wa mtu na mama wa watoto wawili.

Hakunitazama. Macho yake yalikuwa kwenye mpira. "Kaka," akasema, "mimi sikutaka kwenda China. Nilitaka kucheza."

Sikuwa na jibu, na hata leo sina.

Mechi yenyewe ilikwisha kwa Kenya kushinda 2-0, jumla mabao 5-0. Refa alipopuliza kipenga cha mwisho uwanja ukalipuka. Watu wasiojuana wakakumbatiana, nami nikajikuta nimekumbatiwa na kijana mmoja aliyejipaka rangi za bendera usoni. Tangu tupate uhuru hakuna timu yoyote ya soka ya Kenya iliyokuwa imefika Kombe la Dunia la FIFA, ya wanaume wala ya wanawake, ya wakubwa wala ya watoto. Waliotufungulia mlango huo ni wasichana wa shule, chini ya kocha wao Mildred Cheche, mwanamke. Kutoka Afrika walifuatana na Nigeria na Zambia.

Katikati ya shangwe zile niliwaona wasichana wa Burundi wameketi nyasini, wengine wamefunika nyuso kwa jezi. Nilifikiri, miongoni mwa hawa wapo ambao hii ilikuwa mara yao ya mwisho. Dada naye alikuwa akiwatazama wao, si sisi. Alikuwa akipiga makofi polepole.

Oktoba ilipofika tulikesha, kwa kuwa kule Dominika wako nyuma yetu kwa saa saba. Walishindwa na Uingereza, wakashindwa na Korea Kaskazini, ambao ndio waliokuja kulitwaa kombe. Lakini waliifunga Mexico 2-1, na huo ndio ushindi wa kwanza wa Kenya katika Kombe la Dunia la FIFA. Mwenye kubeza na abeze. Mimi siku hiyo niliamsha majirani.

Wapo watakaoniuliza, mbona mwaka uliofuata hatukuonekana? Ni kweli. Kuanzia 2025 kombe hili huchezwa kila mwaka, na timu zimeongezwa hadi 24, lakini Kenya haikufika Morocco mwaka huo. Kufuzu mara moja si kumiliki nafasi. Kila kundi la wasichana huanza upya, na kila kundi lina mwaka wake mmoja au miwili. Ndiyo maana nasema mzazi anayesema "tutaona mwakani" aelewe anachokisema. Pengine hana mwakani wa kumpa mtoto huyo.

Sisemi masomo yatupwe. Mpwa wangu anasoma, na alama zake za hisabati zingali zinanitia wasiwasi kuliko mabao anayokosa. Ninachosema ni kwamba tumezoea kumpima msichana kwa aibu ya watu waliosimama kando ya njia wakicheka, na watu hao hao wakiisha kucheka huenda zao, hawakumbuki hata jina lake.

Jioni ile tulipokuwa tukirudi ndani ya matatu, nilimwambia dada kwamba mtoto aende katika shule ile. Alinishukuru kwa heshima, kama anavyoshukuriwa kaka mkubwa, kisha akageukia dirishani. Nilitaka kumwomba radhi kwa ule mpira wa matambara. Maneno yalinikwama kooni mpaka tukafika kituo cha kushukia.

Mpwa wangu sasa anacheza wingi ya kulia. Bado hajaitwa kambini, na huenda asiitwe. Wako wasichana wengi, na nafasi ni chache. Likizo iliyopita alipokuja kunisalimu nilimpa mpira wa ngozi niliokuwa nimemnunulia. Akaudundadunda sakafuni, akacheka, akaniambia, "Mjomba, asante, lakini huu haujajazwa upepo vizuri." Nikaenda kuazima pampu kwa jirani. Niliporudi nilimkuta mama yake amevua viatu uani, anangoja.