Dawa za Maumivu kwa Magoti Yaliyosagika

Wazee wetu wengi hawawezi tena kupiga magoti, kwa kuwa gegedu, yaani tishu nyororo inayofunika ncha za mifupa, imelika. Wengi wao hununua parasetamoli. Tafiti zimeonesha kwamba kwa maumivu ya aina hii nafuu yake ni ndogo mno. Wala tusiwaongezee vidonge tukidhani vitafaa zaidi, kwani kupita gramu 4 kwa siku huhatarisha ini.

Diklofenaki na ibuprofeni hutuliza zaidi, lakini huweza kuleta vidonda vya tumbo, kudhoofisha figo na kuongeza hatari ya shambulio la moyo. Mwenye shinikizo la damu asizimeze kila siku pasipo daktari kujua. Kwa goti, diklofenaki ya kupaka hufaa, na kiasi kidogo tu cha dawa huingia katika damu.

Hakuna hata moja kati ya dawa hizi irudishayo gegedu. Basi tuwasaidie wazee wetu kutembea, kuimarisha misuli ya mapaja na kupunguza uzito uliozidi. Tusiwaachie vidonge peke yake.